Viwavijeshi na jeni zao: mmeuliza, najibu

Wiki hii karibu kila mtu kaniuliza habari za kiwavijeshi vamizi, huyu wa mahindi aliyeonekana Afrika 2016 na mwaka uliofuata akawa ameshaingia Kenya na Tanzania.

Mtaalamu, nondo mmoja anatoa wapi mayai yote yale?
Jike anaweza kutaga zaidi ya 1,000 maishani, anayapanga mafungu mafungu ya 100 hadi 200 na kuyafunika na vimanyoya vyake. Kazi kubwa hapo ni ya jeni ya vitelojenini, ikiwaka (yaani ikianza kazi) kwenye mafuta ya mwili inatengeneza protini ya kiini cha yai, protini inabebwa na damu mpaka kwenye ovari. Maabara wakiizima, mayai yanapungua na mengine hayaanguliwi. Na akiba ya kutengenezea mayai mengi ameianza akiwa kiwavi, akila mahindi yako.

Nimepulizia lufenuroni jana jioni, asubuhi wapo wanakula tu. Nimeuziwa feki?
Feki zipo, ila usimrukie muuza duka bado kaka. Hiyo dawa haiui papo hapo, inavuruga utengenezaji wa kaitini, ile inayoipa ngozi ya mdudu ugumu. Kiwavi huyu kwa kawaida anapita hatua 6, na kila akivuka lazima avue ngozi, homoni ya ekdisoni ikipanda inawasha jeni moja baada ya nyingine, ngozi mpya inajengwa chini ya ile ya zamani, hapo ndo dawa inamkamata, anakwama nusu katoka nusu bado, anakufa. Mpe siku 3 mpaka 5. Ila ukiona moyo wa mhindi umejaa kinyesi kama maranda ya fundi seremala, wakubwa wameshazama ndani na dawa haiwafikii vizuri, ulitakiwa uwawahi kule kwenye vidirisha vyeupe vya majani, pale viwavi wadogo wanapokwangua jani.

Kwanini hageuki nondo mapema?
Homoni ya ujana. Ikiwa juu, jeni ya Kr-h1 inabaki imewaka na akivua ngozi anatoka kiwavi mkubwa zaidi, basi. Ikishuka hatua ya mwisho anadondoka, anajichimbia udongoni anakuwa pupa.

Dawa ya kuzima jeni ishaanza kuuzwa?
Marekani waliidhinisha ledprona mwishoni mwa 2023, ni RNA ya kupulizia (RNA ni molekuli inayobeba ujumbe wa jeni, hii imetengenezwa kuzima jeni ya mdudu), lakini ni ya mende wa viazi wa Colorado. Jamii ya nondo ni wabishi, vimeng'enya vyao vinaikatakata RNA kabla haijafanya kazi kwenye seli. Kwahiyo mtu akikuletea chupa ya "dawa ya jeni" ya mahindi mlangoni, muache aondoke nayo.