Laptopu ya kijana wangu imeingia virusi: niweke antivirusi ngapi?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu hapa Tanga. Mjomba wake alimletea laptopu ya mtumba, HP, anasomea na kuchezea magemu. Juzi alipeleka flashi steshenari ya Ngamiani achapishe kazi ya shule, mwenye duka akairudisha, akasema ina virusi, mafolda yote yamegeuka shotikati. Kabla ya hapo rafiki zake walikuwa wakipokea ujumbe wa ajabu kutoka akaunti yake ya Instagram, wa kuwekeza pesa sijui wapi. Dada yake naye anasema ameona taa ya kamera inawaka yenyewe. Jirani ananishauri niweke antivirusi tatu, na pia programu ya siri ya kunionyesha kila kitu anachoandika. Nifuate lipi? Mimi si mtaalamu, ila nikielekezwa nafuata. (Mama wa Makorora)

JIBU: Waaleikum salaam mama. Antivirusi tatu, hapana. Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender ndani yake, haina malipo, na kwa laptopu ya mwanafunzi inatosha. Ukiweka nyingine ya kulinda muda wote, Defender hujiweka pembeni. Ukiongeza ya tatu, hizo mbili zitaanza kugombana, mashine itakuwa nzito, na kijana atazizima zote ili gemu lake licheze. Ninachotaka kujua mimi ni nani aliizima hiyo iliyokuwepo.

Nasema imezimwa kwa sababu habari ya Instagram inanipeleka moja kwa moja kwenye kraki, yaani programu ya kuvunja leseni ya gemu ili lichezwe bila kununuliwa. Kijana wa miaka 16 hana kadi ya benki, analitaka gemu la bei, na kuna mwenzake amemtumia linki ya kulipata bure. Maelekezo ya hizo kraki karibu zote yana sharti lilelile: zima antivirusi kwanza, ndipo ufungue faili. Wanadai antivirusi inakosea tu. Kuna siku kweli inakosea. Ila mtoto akishazoea kuizima kila anapoambiwa, aliyetengeneza faili anaweza kutia humo chochote anachotaka, na gemu likacheza vizuri kabisa. Lingegoma, kijana angeshtuka.

Wala si kraki peke yake. Mwaka 2015 wachezaji wa GTA V waligundua kwamba nyongeza mbili za gemu hilo, mojawapo ikiitwa Angry Planes, zilikuwa zinaingiza kimyakimya programu ya Fade.exe, ambayo ilirekodi vitufe wanavyobonyeza. Hao wengine walikuwa wamelinunua gemu kwa pesa yao halali! Walipakua tu nyongeza kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Ninachokishuku kwenye laptopu yako ni aina ya spaiwea (programu ya kupeleleza) inayokuja kuiba na kuondoka. Inazoa nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, inazoa na vidakuzi, inavituma kwa mwenyewe, kazi imekwisha. Kidakuzi ndicho kinachoiambia Instagram kwamba huyu mtu ameshaingia. Aliyekiiba anaweza kuingia bila kuulizwa nywila wala ile namba ya SMS. Ndiyo maana kijana anaweza kukuapia kuwa hakumpa mtu nywila yake, na akawa anasema kweli.

Kabla hujafanya lolote, nenda kaangalie kitu kimoja. Kwenye laptopu fungua Windows Security, ingia "Virus & threat protection", bonyeza "Manage settings", kisha shuka mpaka chini kabisa penye "Exclusions". Ikikuuliza ruhusa, kubali. Hiyo ni orodha ya sehemu ambazo Defender imeamriwa isizikague. Kwa mwanafunzi inatakiwa iwe tupu. Mashine zinazoletwa kwangu na malalamiko kama yako, mara nyingi nakuta folda ya Downloads imo, na mara nyingine C:\ nzima, yaani diski yote. Ukikuta hivyo, ile tiki ya kijani inayosema hakuna tatizo isikudanganye, maana Defender haikagui kitu. Futa kila kilichoandikwa hapo. Piga picha kwa simu kwanza, utaihitaji ukikaa na kijana kuzungumza.

Sasa kusafisha. Kuna ukaguzi unaoitwa Microsoft Defender Offline, uko humo humo kwenye "Scan options". Laptopu inajizima na kuwaka tena, inakaguliwa kabla Windows haijaamka, kama dakika 15 hivi, na virusi vinavyojificha Windows ikiwa hewani hukosa pa kujificha. Ufanye. Lakini mimi, kwa mashine ambayo tayari imeibiwa akaunti, siridhiki na kusafisha. Piga Windows upya.

Hapa uwe makini na sisi mafundi. Wengi tunatembea na flashi yenye Windows iliyopakuliwa miaka hiyo, na pembeni yake kuna programu ya KMS ya kuiamsha bila leseni, ambayo nayo inataka Defender izimwe. Yaani unaondoa kraki moja unapewa nyingine. Mwambie fundi apakue Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Flashi ya GB 8 inatosha. Na hizi laptopu za mtumba za HP, Dell na Lenovo zilizotoka maofisini, nyingi zina leseni halali ya Windows iliyofungwa ndani ya ubao mama tangu kiwandani. Ukipiga toleo sahihi inajiamsha yenyewe ikipata intaneti. Fundi atakayekutoza pesa ya kuamsha kabla hajaangalia hilo, mkatalie. Kama bando lipo, unaweza pia kutumia "Reset this PC" kwa kuchagua "Remove everything" na "Cloud download". Itakula kama GB 4, labda na zaidi, basi subiri bando la usiku.

Kabla ya kupiga Windows, hamisha notisi zake, picha na kazi za shule kwenye diski nyingine. Usihamishe faili lolote linaloishia na .exe, wala zile zip za magemu, hata akilia. Ili uzione hizo herufi za mwisho, fungua folda yoyote, nenda "View" halafu weka tiki kwenye "File name extensions" (kwa Windows 11 ipitie "Show"). Bila hivyo, faili lililoitwa Fizikia_Kidato_IV.pdf.exe litaonekana kama Fizikia_Kidato_IV.pdf, na wanafunzi wanaotafuta mitihani iliyopita hunaswa hapo kila msimu.

Flashi isikutie hofu, kazi ya shule imo. Kirusi hicho huyaficha mafolda halisi, kinatengeneza shotikati zenye majina yaleyale, na mtu akibofya shotikati anakiwasha kirusi, kisha folda inamfungukia kama kawaida asishtuke. Baada ya laptopu kupata Windows mpya, chomeka flashi lakini usibofye kitu ndani yake. Iache Defender iikague. Kisha andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua "Command Prompt", na kama flashi imejitokeza kwa herufi E, andika hivi na ubonyeze Enter:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Mafolda yatarudi machoni. Futa shotikati zote na faili lolote la .vbs, .js au .lnk usilolijua, hamisha kazi zake, kisha iformati flashi. Na steshenari msipeleke tena flashi. Wenye maduka wengi wanapokea kazi kwa barua pepe au WhatsApp. Atume PDF kutoka kwenye simu, imekwisha. Hizo kompyuta za kuchapishia zinaingiza flashi za mji mzima, na pengine flashi ya kwenu iliambukizwa huko huko mwanzoni.

Nywila zibadilishwe zote, ila si kwenye laptopu hiyo kabla haijapigwa Windows. Tumia simu yako. Anza na barua pepe, kwa sababu mwenye barua pepe ya mtoto anaweza kuomba upya nywila ya kila kitu kingine. Halafu Instagram, na huko utafute sehemu ya kutoa vifaa vyote vilivyoingia, ndipo kile kidakuzi kilichoibiwa kitakufa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kama wewe mwenyewe uliwahi kufungua WhatsApp yako kwenye laptopu hiyo, angalia simu yako sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na ukiondoe kila usichokitambua.

Yote hayo yatarudi pale pale baada ya mwezi kama hutafanya hili: kijana asiwe msimamizi wa laptopu. Karibu kila laptopu ya mtumba inakuja na akaunti moja tu, nayo ina mamlaka yote. Ni sawa na kumwachia mtoto duka pamoja na ufunguo wa droo ya pesa. Windows ikishapigwa, akaunti ya kwanza iwe yako, na nywila uijue wewe tu, isiwe tarehe yake ya kuzaliwa. Kisha Settings, "Accounts", "Other users", umtengenezee yake, na aina yake iwe "Standard User". Ataandika, atasoma, ataingia mtandaoni, magemu yaliyokwisha kuwekwa atayacheza. Ila siku atakapotaka kuweka programu inayogusa mfumo, kuzima Defender, au kuandika kitu kwenye ile orodha ya "Exclusions", kioo kitaomba nywila yako, naye itambidi aje akueleze ni kitu gani na kakitoa wapi. Haizuii kila kitu: spaiwea ya kuzoa nywila inaweza kufanya kazi hata kwenye akaunti ya kawaida. Lakini itabidi ipite mbele ya Defender ambayo kijana hana uwezo wa kuizima. Mimi ningechagua hili kuliko antivirusi yoyote ya kulipia.

Ukiwa kwenye akaunti yako, badilisha na DNS ya laptopu (huduma inayoielekeza kila tovuti iko wapi) iwe 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare inayoziba tovuti zinazojulikana kwa virusi pamoja na za ngono, na mwenye akaunti ya kawaida hawezi kuirudisha. Na kivinjari kiwe na uBlock Origin, nyongeza ya kuzuia matangazo. Firefox bado inaikubali kamili. Itamwondolea vile vitufe vya uongo vya kupakua vinavyojaa kwenye tovuti za muvi.

Taa ya kamera huenda ni jambo dogo, Zoom au kivinjari kilichoachwa wazi. Settings, sehemu ya faragha, "Camera", itakuonyesha programu zilizoitumia. Ila lisipuuzwe. Mwaka 2013 Cassidy Wolf, aliyetwaa taji la Miss Teen USA mwaka huo, alieleza kuwa alipigwa picha kwa kamera ya laptopu yake akiwa chumbani mwake na kijana waliyesoma shule moja, ambaye baadaye alifungwa miezi 18. Bandika kipande cha plasta juu ya kamera leo hii, kibanduliwe siku ya somo la mtandaoni tu. Na ikitokea mtu anamtishia mtoto kwa picha, msilipe na msifute ujumbe. Nendeni kituo cha polisi, muulizie Dawati la Jinsia na Watoto.

Na ile programu ya siri ya jirani, mama, hiyo ndiyo spaiwea yenyewe. Kila anachoandika mwanao, pamoja na nywila zake, kitakwenda kukaa kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua. mSpy, mojawapo ya zinazovuma, ilivujisha data mwaka 2015, ikarudia 2018, ikarudia 2024. Nyingine zinakutaka uzime Defender ili zifanye kazi, na hapo tumerudi tulikotoka. Ukitaka kumsimamia, tumia Microsoft Family Safety: inaweka saa za kutumia laptopu, na mtoto anajua ipo. Kasoro yake ni kwamba uchujaji wa tovuti unafanya kazi kwenye Edge tu, kivinjari cha Microsoft, lakini DNS itakusaidia kwingine. Mwambie waziwazi ulichoweka na kwa nini. Kijana aliyegundua anachunguzwa kwa siri atahamia simu ya rafiki yake, na huko huna mkono.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Andika winver kwenye kisanduku cha kutafutia, ubonyeze Enter, usome toleo. Kama ni Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, na laptopu nyingi za mtumba zilizojaa madukani ni za kizazi cha 6 na cha 7. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama mpaka tarehe 13 Oktoba 2026 kwa atakayejiandikisha kwa akaunti ya Microsoft. Nje ya hapo kuna Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ambayo kwa kusomea na kuandikia haina shida, ila magemu yake mengi atayaaga, na kelele za hapo utazisikia wewe si mimi. Niandikie toleo utakaloliona pamoja na maandishi ya kile kibandiko cha Intel karibu na vitufe, nikwambie ipi inaifaa hiyo HP.