Jibu: Kurudia jaribio la Milgram hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma)

Ndugu, umeuliza kama unaweza kurudia jaribio la utii la mwanasaikolojia Stanley Milgram, ambapo msimamizi anamwamuru mshiriki ampige shoti za umeme mtu mwingine (mwigizaji, ndiye "mteswa") kila anapokosea jibu, na kupanda hadi volti 450 kama yeye. Tafadhali usifike huko, hata kama umeme wenyewe ni wa kuigiza. Komea 150, mteswa anapodai atolewe. Mwanasaikolojia Jerry Burger, aliyerudia jaribio hilo katika utafiti aliouchapisha 2009, alikomea hapo, kwa sababu asilimia 79 ya waliovuka hapo kwa Milgram walikwenda hadi mwisho.

Kinachonasa watu ni swichi 30 zinazoongeza volti 15 tu kila moja. Pima pia umbali wa msimamizi: akiwa chumbani, 26 kati ya 40 walimaliza, akiamuru kwa simu, karibu mmoja kati ya watano. Kibali cha maadili kwanza, na mshiriki aambiwe ukweli palepale, kabla hajapanda daladala.