Shangazi, mama mkwe hataki jiko lake liguswe

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba aliyoijenga baba mkwe miaka ya sabini. Tulihamia hapa kutoka Dar alipofariki, miaka miwili iliyopita, ili mama mkwe asibaki peke yake. Mirathi bado haijagawanywa. Jiko la nyumba hii linaninyima raha. Kuta nyeusi kwa moshi, kidirisha kimoja cha nyavu, sakafu ya saruji nyekundu, slabu imechimbika, kabati la mninga milango imelegea, na maji tunachota kwenye koki ya uani. Friji, birika la umeme na blenda vyote vinategemea ekstensheni moja. Wifi yangu yuko Muscat, atakuja likizo kabla ya Ramadhani, na kila mara anatutumia picha za jiko lake. Kikoba chetu kilipovunjwa nilipata 1,800,000. Fundi wa makabati ya kisasa anataka 6,500,000, na rafiki yangu anasema kuna watu wanaweza kunikopesha zilizobaki siku hiyo hiyo. Mama mkwe akisikia habari hizi hununa, anasema jiko hili limelisha watu wengi na halijamuua mtu. Mume wangu anasema, "Malizaneni wenyewe." Nifanyeje?
Mama Wawili, Tanga

Marahaba, mwanangu. Nianze na hao wa siku hiyo hiyo, maana hilo halisubiri. Hao ndio kausha damu, jina walilopewa na waliokwisha kukopa kwao. Unataka kuchukua 4,700,000 kwa ajili ya makabati, na kabati haliuzi maandazi asubuhi likakupa rejesho. Siku utakayochelewa kulipa watakuja kubeba hiyo friji, na jiko zuri utabaki nalo bila cha kuweka ndani. Mwambie rafiki yako asante, yaishie hapo.

La pili umeliandika kwa haraka kama jambo la kupita, na mimi hapo ndipo niliposimama. Mirathi haijagawanywa. Maana yake nyumba hiyo leo si ya mumeo peke yake, wala si ya mama mkwe peke yake. Kama familia yenu inafuata sheria ya Kiislamu, mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumuni yake, na kama wazazi wa marehemu hawapo tena, kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwa hiyo wifi yako wa Muscat, unayetaka kumwonyesha jiko jipya, naye ana fungu lake ndani ya jiko hilo. Makabati ya kupigilia ukutani yakishapigiliwa yamekuwa nyumba. Kesho wakikubaliana kuiuza, utayang'oa na bisibisi?

Sisemi ukae na masizi mpaka mirathi iishe, mambo hayo Watanga wenyewe mnajua yanavyokokotwa. Nasema ya kushikana na nyumba yawe madogo na warithi wote wayajue kabla, na kinachobaki kiende kwenye vitu vinavyobebeka. Mwandikie wifi yako ujumbe mfupi: tunataka kutengeneza jiko, dirisha na umeme, unaonaje? Usimwombe hela. Mtu akiombwa shauri huwa anauliza mwenyewe achangie nini, na asipouliza, basi, utakuwa umepata baraka yake bure.

Sasa mama mkwe. Wewe umesikia anatetea masizi. Mimi nimesoma barua yako nikamsikia mjane wa miaka miwili anayeambiwa kwamba alichojenga mumewe ni aibu ya kufichwa kabla mgeni hajafika. Na hayo makabati unayoyataka, mwanangu, yeye angekaa wapi? Picha za majiko ya kisasa zote ni za watu wanaopika wamesimama. Mama wa pwani wa umri wake nazi anaikuna juu ya mbuzi, mchele anaupepeta amekaa, vitunguu anavikata kwenye kigoda, ungo mapajani. Ukizungusha makabati kuta zote tatu umemtoa jikoni bila kumwambia toka. Kununa ndilo jibu lililomfaa.

Mumeo ndiye wa kufungua mazungumzo, na mwambie Shangazi kasema. "Malizaneni wenyewe" ni maneno ya mtu anayekula chakula cha mama na cha mke na hataki kupoteza sahani yoyote. Aanze yeye, siku ambayo hakuna sufuria motoni, kisha wewe uulize swali moja tu: "Mama, humu ndani kitu gani nisikiguse?" Atakachotaja, usikiguse. Nakwambia hatataja moshi.

Na moshi ndio wa kwanza kuondoka, kabla ya rangi, kabla ya chochote. Hukuandika kwamba mnatumia mkaa, lakini kuta zimekwambia. Usimnyang'anye jiko la mkaa, wali wa kupalia na mkate wa sinia vinataka moto juu na chini, na gesi haina moto wa kuweka juu ya kifuniko. Mjengee kibanda uani, nguzo nne, bati chache, kijukwaa cha matofali cha kimo chake akiwa amekaa. Laki mbili na nusu zitatosha mkinunua bati lililotumika. Gesi ibaki ndani, mbali na mkaa kabisa, mtungi usimame wima. Hewa ya gesi ni nzito, ikivuja inalala chini sakafuni badala ya kupanda, kwa hiyo mwambie fundi aache tundu la hewa lenye wavu karibu na sakafu, kwenye ukuta unaoelekea nje.

Kisha mwanga. Jiko la giza huonekana bovu hata likiwa zima, na nina hakika nusu ya unachokiita uchakavu ni giza. Panueni hicho kidirisha, upande wa uani kama ukuta unaruhusu, na kama jiko halina dari toeni bati moja la kawaida muweke la plastiki linalopitisha mwanga. Laki tatu na nusu kwa yote mawili. Kupanua dirisha ni kazi ya fundi mwashi anayejua kuweka linta, ile boriti ya kubeba ukuta, juu yake, si ya kijana aliyeshika nyundo.

Umeme ndio ulionitia hofu. Friji, birika na blenda kwenye ekstensheni moja, kwenye waya wa miaka ya sabini, hapo anayesema jiko halijamuua mtu aongeze neno bado. Tafuta fundi umeme mwenye leseni, atandaze waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kwa ajili ya soketi, ahakikishe ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, ipo na inafanya kazi, aweke saketi breka ya jiko peke yake, na soketi zikae mbali na sinki. Tenga laki mbili na nusu, na hapa usiombe punguzo hadi fundi akakata kona.

Maji nayo laki mbili na nusu: sinki moja la stenlesi, bomba kutoka hiyo koki ya uani, na njia ya maji machafu hadi shimoni. Angalia fundi asiruke lile bomba la kupinda chini ya sinki linalobaki na maji ndani. Ndilo linalozuia harufu na mende, na ndilo wanaloliacha wakitaka kumaliza mapema.

Hapo ndipo ufike kwenye rangi, na wengi ndipo wanapoanzia. Rangi ya maji ikipigwa juu ya masizi, baada ya wiki chache madoa ya kahawia yanatoka tena kama hukufanya kitu. Osha kuta kwa maji ya moto, sabuni ya unga na magadi, yanakata mafuta vizuri, ila vaa glavu. Suuza, acha zikauke siku kadhaa, maana Tanga ukuta haukauki upesi, piga praima ya mafuta, ndipo rangi. Chini ya slabu na karibu na moto iwe rangi ya mafuta inayofutika. Kuosha mfanye wenyewe na watoto, laki mbili zitabaki kwa rangi na brashi.

Kabati sasa. Mwanangu, unataka kutupa mninga ununue MDF! MDF ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na kwenye unyevu wa pwani ukingo wake ukinywa maji unavimba kama andazi na haurudi. Mninga wa miaka hamsini ukipigwa randa ndani yake bado ni mpya. Mwite seremala anyooshe milango, apige msasa, apake vanishi, abadilishe bawaba. Bawaba ziwe za shaba au stenlesi, chuma cha kawaida chumvi ya hewa ya bahari itakila. Laki moja na nusu. Na kama kuna kitu mama mkwe atakitaja kwenye lile swali, naona kitakuwa hilo kabati.

Slabu usiivunje. Izibe mashimo, uipandishie vigae, na safu mbili tatu ukutani nyuma ya sinki na gesi. Maduka ya vifaa vya ujenzi huwa na maboksi ya mwisho yasiyotosha chumba kizima, na wewe hutaki chumba kizima, kwa hiyo ulizia hayo. Laki mbili na fundi wake. Grauti, ile ya kujazia kati ya vigae, iwe ya kijivu, nyeupe itakutesa kwa manjano ya bizari. Chini ya slabu, badala ya milango, funga waya na pazia la kanga. Linafuliwa, linabadilishwa, ukihama unaondoka nalo. Ila soma jina la kanga kabla hujalipa. Kijembe kikining'inia mbele ya mama mkwe asubuhi na jioni, hata kama ulipenda rangi tu, mtaa mzima wa Ngamiani utajua ulikuwa unamsema nani.

Sakafu nyekundu iache. Ziba nyufa, ipake rangi yake, ipige polishi kidogo. Vigae vya kung'aa vikimwagikiwa mafuta vinaangusha hata kijana, sembuse mama wa umri ule. Na kona moja karibu na mlango wa uani isiwekwe kitu, mkeka, kigoda na mbuzi yake, mwanga wa bati jipya umwangukie hapo.

Mafundi usiwape hela ya vifaa mkononi. Nunua mwenyewe au umtume mumeo, na ufundi ulipe kwa hatua, ya mwisho baada ya maji kupita na taa kuwaka. Kazi ianze na umeme na bomba, kuta zikiwa bado mbaya, maana mafundi hao wote watazitoboa.

Ukijumlisha utakuta nimetumia 1,650,000. Hiyo laki na nusu iliyobaki usiinunulie chochote kwa sasa, hata wifi yako akifika na zile sufuria zake za Muscat. Pikeni Ramadhani nzima kwenye jiko hilo, futari ya watu wote, wewe, yeye na mama yenu, ndipo mtajua kilichopungua ni rafu, ni feni au ni sufuria kubwa zaidi.