"Dada, tutaelewana njiani"

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwigizaji, nina miaka 33, naishi Mikindani, Mtwara, na mume wangu na watoto wawili. Kikundi chetu ni watu wawili tu. Dada niliyezoea kuigiza naye amehamia Songea, na tangu Novemba nimeanza na kijana wa miaka 25 aliyetoka Dar. Jukwaani hana kasoro. Februari tuna safari ya siku 14 kwa Noah ya kukodi: Lindi, Ruangwa, Nachingwea, Liwale, kisha Masasi, Newala na nyumbani, kama kilomita 800. Tulipokwenda Lindi kwa majaribio aliendesha huku anaongea na simu, akanicheka nilipopakia jembe, na nikimuuliza habari ya pesa na malazi ananijibu, "Dada, tutaelewana njiani." Mume wangu naye ameanza kuuliza maswali. Niivunje safari?
Dada wa Mikindani

Marahaba, binti yangu. Usiivunje. Ila hilo la "tutaelewana njiani" likatae leo, kabla hujatoa hata shilingi ya gari. Mkiwa mmelowa, njaa inauma, na Noah imelala kwenye tope kati ya Nachingwea na Liwale, hakuna wa kuelewana na mwenzake. Hapo kila mmoja anatafuta wa kumlaumu tu.

Anza na simu. Usimwambie ni mzembe, maana atakujibu kuhusu uzembe na mtabishana hadi Mnazi Mmoja kule Lindi. Mwambie: "Ukishika usukani, simu yako naishika mimi. Ikiita napokea mimi." Nawe ukiendesha, iwe vivyo hivyo. Kanuni ya pili: asiyeendesha akisema "simama", gari linasimama kwanza, sababu inaulizwa baadaye. Kijana akishindwa kuzikubali hizo mbili sebuleni kwako, barabarani hatazikubali.

Pesa ziwe kwenye bahasha nne: mafuta, vyumba, chakula, dharura. Noah iliyobeba mzigo na kupita kwenye tope msiihesabie zaidi ya kilomita 7 kwa lita, kwa hiyo kilomita 800 ni kama lita 115. Tangi lijazwe Nachingwea kabla ya kuelekea Liwale, hata kama mshale bado uko nusu. Bahasha ya dharura ifunguliwe mkiwepo wote wawili, na kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari moja, siyo kwenye simu ya mtu.

Vyumba ni viwili kila usiku. Siyo "tukikosa tutaona". Piga simu gesti mapema, na ikiwa kimebaki chumba kimoja, tafuteni mji mwingine au wenyeji wa kukulaza wewe. Halafu kijana aje nyumbani kumsalimia mumeo, aketi, anywe chai, na mumeo apewe nakala ya ratiba yenye namba za gesti. Maswali mengi ya waume yanatokana na kutojua mke analala wapi leo, na sioni kosa la mumeo hapo.

Sasa ratiba yenyewe, maana naona ndiyo iliyobeba ugomvi wenu ujao. Masika ya kwetu Kusini huanza Desemba na kuendelea hadi Aprili, na Februari mnakuwa katikati yake. Hata lami hukatika: Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga kule Kilwa na magari yakakwama pande zote mbili. Sembuse barabara ya udongo ya Liwale. Kwa hiyo acheni siku mbili tupu baada ya Nachingwea. Mkifika hapo, ulizeni dereva wa basi au lori aliyetoka Liwale asubuhi ile ile. Habari ya jana haina kazi kama usiku mvua imenyesha. Na muandike mapema, mkiwa bado Mtwara, kwamba njia ikiwa mbaya Liwale inaachwa na mnakwenda Masasi. Mkiacha uamuzi huo hadi mfike, atakayetaka pesa ya Liwale atamshinda mwenye kuogopa maji.

Safirini alfajiri, saa 8 mchana muwe mmefika. Mkikuta maji yamevuka barabara, mmoja ashuke atazame gari kubwa zaidi linavyopita. Yakiwa yanakimbia na yamefika katikati ya tairi, subirini. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuanza kuinua gari dogo, na 60 hubeba hata kubwa. Msiingie kwa fimbo kupima maji yanayokimbia, mtabebwa nyinyi kabla ya gari.

Ulizeni pia kama Noah hiyo inavuta tairi zote nne, nyingi hazivuti. Tairi zisiwe na kipara. Pakieni mbao mbili za mita moja, kamba ya kuvutia ya mita 8, pampu ya upepo na geji yake, magunia matupu, na hilo jembe. Mkikwama, acheni kukanyaga mafuta. Tairi likizunguka bure linajichimbia kaburi. Chimbeni tope la mbele ya tairi, sukumeni mbao au magunia chini yake, punguzeni upepo kutoka PSI 35 za geji hadi kama 22, kisha gia ndogo na mguu mwepesi. Anayesukuma akae pembeni, asisimame nyuma ya tairi. Mkirudi kwenye lami, jazeni upepo tena. Mbao zina kazi ya pili: jeki kwenye tope huzama, lazima ikalie ubao.

Maleba, yaani mavazi ya jukwaani, yafungwe kwenye mifuko ya plastiki, kisha ndani ya begi. Mkimaliza onyesho myaanike ndani ya chumba usiku ule ule, la sivyo siku ya tatu mtanuka ukungu mbele ya wazee wa kijiji. Ngoma ya ngozi hulegea kwa unyevu, basi muwashe moto wa makuti nusu saa kabla na kuikausha taratibu, kwa mbali. Spika iliyolowa isichomekwe hadi ikauke kabisa.

Jambo ambalo nadhani hamjalizungumza kabisa ni mvua juu ya bati. Februari mtaigiza kwenye madarasa na maghala, na mvua kubwa ikianza hakuna sauti itakayoishinda, hata ya kijana wa Dar. Mkishindana nayo, siku ya nne mmoja wenu hana koo. Andaeni toleo fupi la dakika 25, na vipande viwili visivyohitaji maneno: ngoma na vitendo tu. Kubalianeni ishara, kwa mfano kushika sikio, ya kuhamia huko. Fanyeni mazoezi yake hadi ishara isiwe na swali. Vibali kwa afisa utamaduni wa kila wilaya, na kwa mtendaji wa kijiji, visubiri safari, siyo safari ivisubiri.

Kabla ya Januari kuisha, fanyeni jaribio la pili: Mtwara hadi Newala, usiku mmoja, vyumba viwili, bahasha nne, kila mmoja aendeshe nusu. Akiishika simu tena, kodi dereva na yeye abaki mwigizaji. Gharama itapanda, lakini mistari yake utakuwa nayo. Asipoishika, nendeni. Na jembe lipakie hata akicheka.