Urojo ni wa nani? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Umetaka kujua umjibu nini huyo mwenzako wa London anayesema urojo ni chakula cha Wahindi, na kwamba sisi Wazanzibari vyetu vyote ni vya kuazima.

Kwenye badia na kachori usibishane naye, hizo zimekuja na Wahindi. Muongezee na vyengine: muhogo na pilipili asili yake Amerika, embe Bara Hindi. Kisha mwambie akuoneshe mji wowote wa India unaouza bakuli moja lenye badia, kachori, kiazi, mshikaki, chipsi za muhogo na chatne ya nazi, vyote vimelala kwenye rojo la embe bichi. Hilo rojo ndilo lililozaa jina, na jina ni la Kiswahili.

Mkarafuu nao mgeni. Ulitoka visiwa vya Maluku huko Indonesia, ukapandwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1800. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mingi ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Ulipofika uhuru wa Disemba 1963, bendera ilichorwa karafuu mbili, na mti wenyewe ulikuwa haujatimiza hata miaka 200 hapa.

Lakini usimpambie. Watu wanapenda kusema "tulichanganyika" kana kwamba kila mtu alikuja na kikapu chake kwa hiari. Soko la watumwa la Mjini lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukapigwa marufuku 1897. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watu walioletwa kwa nguvu. Na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Waarabu na Wahindi wengi waliondoka. Badia zikabaki.

Kwenye karatasi mambo ni mafupi: uraia ni mmoja, wa Tanzania, na Uzanzibari una sheria yake, Na. 5 ya 1985, inayoangalia kuzaliwa, wazazi na ukaazi.

Akiwa bado anabisha, mpikie. Kwa watu sita: chemsha embe bichi mawili yaliyomenywa kwenye lita moja na nusu ya maji mpaka yalainike, yaponde, utoe kokwa. Unga wa ngano vijiko vinne vya mezani uvuruge pembeni na maji baridi, ndipo umimine chunguni huku unakoroga. Ukiutia mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na hayo hayayeyuki tena. Tia chumvi na nusu kijiko cha chai cha manjano. Acha lichemke moto mdogo dakika kumi na tano. Wengi huepua mapema, likabaki na harufu ya unga mbichi. Viazi vichemshe mbali, uvikate vipande. Badia zitie mwisho kabisa, bakulini, la sivyo zitakunywa rojo lote na kuvimba. Chatne na pilipili kila mtu ajitilie.

Embe lililoiva halifai, litakufanyia uji wa sukari. Ukikosa bichi huko, roweka ukwaju kiasi cha ndimu moja, uchuje. Rojo litakuwa jeusi kidogo. Usijaribu kuliremba kwa manjano zaidi, litakuwa chungu.

Mamako