Jibu: Picha zinang'aa kwenye laptopu, zikisafishwa zinarudi na giza

Habari ndugu. Nimekuelewa: picha za harusi zinapendeza kwenye skrini, lakini studio wakizisafisha zinarudi na giza na rangi zimepooza.

Kabla hujailaumu mashine yao, angalia mwanga wa skrini yako. Niliwahi kuhariri picha za send-off usiku, taa zimezimwa, skrini nimeipandisha hadi mwisho. Zilipotoka, suti nyeusi ya mjomba wa binti haikuonekana hata vifungo. Iliniuma sana. Karatasi haina mwanga wake, inarudisha tu ule unaoipiga. Siku hizi nahariri mchana, nashika karatasi nyeupe pembeni ya laptopu, kisha nashusha mwanga mpaka ukurasa mweupe wa kwenye skrini ufanane nayo. Zima pia ile hali ya usiku inayoifanya skrini iwe ya njano, itakudanganya.

Rangi kupooza ni suala jingine. Tazama kama faili umelihifadhi kwa Adobe RGB, mfumo wa rangi wenye wigo mpana. Mashine nyingi za studio hutegemea sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wenye wigo mdogo zaidi, kwa hiyo kitenge chekundu kinarudi kama kilichofuliwa mara mia. Hamisha kwenda sRGB, halafu waombe wazime marekebisho ya kiotomatiki, wakutolee picha mbili tatu za inchi 4x6 kabla ya albamu nzima. Zikague karibu na dirisha, si chini ya taa ya dukani.

Printa ya wino ya nyumbani sijaitumia, hapo wenzangu watakusaidia.