Jibu: Je, Hokusai alichonga mbao zake mwenyewe?

Ndugu, umeuliza kama Hokusai, mchoraji wa Japani, alichonga mwenyewe mbao za kuchapia na kuchapa ile picha yake ya wimbi kubwa ya mwaka 1831 hivi. Hapana, yeye alichora tu. Mwenye mradi alikuwa mchapishaji, Nishimuraya Yohachi wa Edo (Tokyo ya leo). Ndiye aliyetoa mtaji, akalipa mafundi na kubeba hasara kama picha hazikununuliwa.

Mchoro wa wino kwenye karatasi nyembamba ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha mchongaji akakata humo humo, mstari kwa mstari. Kwa hiyo mchoro wenyewe uliharibika kabla hata nakala ya kwanza haijatoka, na watu husahau hilo wanapouliza "orijino" iko wapi. Kila rangi ilichongewa ubao wake. Pembeni kulikuwa na alama ya kento, ambapo mchapaji aliegemeza karatasi ili rangi zisipishane, halafu akasugua mgongo wa karatasi kwa bareni, kisuguo cha duara kilichofungwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine ya kukandamiza. Mikono tu!

Ukitaka kununua, tazama mistari kwanza. Ubao uliotumika sana huisha makali na mistari myembamba hukatika, ndiyo maana nakala za mapema hutafutwa zaidi. Zipo pia zilizochapwa kwa mbao zilizochongwa upya miaka mingi baadaye. Hizo si mbaya, nyingine ni kazi safi kabisa, ila muuzaji akikutoza bei ya nakala ya wakati wa Hokusai, mkatalie.